SOMO LETU: MAWE MATANO YA HADITHI



Leo hatutaongea juu ya mbuzi wala mizinga ya nyuki. Tutaongea juu ya hadithi. Huenda mwingine akauliza, "Hadithi na maendeleo, wapi na wapi?" Subirini kidogo.

Siku moja mama mmoja alituletea daftari la mtoto wake wa Gredi ya 4. Insha ilikuwa hivi: "Tulitoka sokoni. Giza likaingia. Tuliona fisi. Tulifika nyumbani salama. Mwisho." Chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Haina taharuki." Mtoto akasema hataki insha tena. Mama naye akatuuliza, "Hiyo taharuki ni kitu gani? Mimi shule niliachia darasa la tano. Nitamsaidiaje?"

Tulicheka kidogo, si kwa kumdharau. Mama huyu akianza hadithi ya Sungura na Fisi jikoni, hakuna mtoto anayesinzia. Taharuki anayo tele. Ni jina lake tu alilokuwa hajui.

TAHARUKI NI NINI?

Ni ile hamu ya kutaka kujua kitakachofuata, huku moyo unadunda. Je, ataokoka? Nani anabisha mlango? Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazad alijua mfalme angemwua asubuhi. Basi alianza hadithi usiku, na kulipokucha akaikatiza mahali patamu. Mfalme akamwacha hai ili asikie iliyobaki. Mnaona? Alijua mahali pa kunyamaza, na hilo likamwokoa.

Sasa turudi kwa insha ile. Fisi alitokea, na mstari uliofuata watoto wamefika nyumbani. Fisi mzima amepotea bure! Mtoto hakukosa akili. Alikosa mpango.

MAWE MATANO

Hii haihitaji pesa. Okoteni mawe matano, myapange chini kwa mstari. Kila jiwe ni sehemu ya hadithi.

Jiwe la 1: Nani, na yuko wapi?
Jiwe la 2: Anataka nini? Kama hataki kitu, hatumhofii.
Jiwe la 3: Dalili. Kuna kitu hakiko sawa, lakini hatujakiona.
Jiwe la 4: Mambo yanazidi kuwa mabaya.
Jiwe la 5: Fundo linafunguka. Anaokokaje?

Mtoto agusa jiwe na kusimulia kwa mdomo, hata kwa lugha ya nyumbani. Akimaliza, achore picha ndogo tano. Wa miaka sita au saba anaweza kuishia hapo. Aliye mkubwa aandike sentensi moja kwa kila picha, kisha ndipo aandike hadithi yenyewe.

Tulifanya hivyo na mtoto yule. Kwenye jiwe la 2 akasema walikuwa wamebeba dawa ya mdogo wao mgonjwa, na punda alikuwa na debe tupu mgongoni, kwa kuwa mahindi yalikuwa yameuzwa. Kwenye jiwe la 3 tukamwuliza, "Kabla ya kumwona fisi, ulisikia nini?" Akafikiri, akajibu, "Hakuna. Lakini punda alikataa kutembea."

"Kwani mbona hukuandika hilo?"

"Sikujua linafaa."

Ndugu zetu, hapo ndipo tulipojifunza sisi wenyewe. Mtoto alikuwa na hadithi nzuri ndani yake. Hakuna aliyemwuliza. Baadaye akaandika hivi:

"Punda alisimama ghafla. Kaka alivuta kamba, punda akakataa. Masikio yake yalielekea kichakani. Nikasema, twende, mama anangoja dawa. Kaka hakujibu. Tochi ikafifia, ikazimika. Ndipo nikasikia kitu kinapumua."

Hajamtaja fisi bado, na sisi tayari tumeogopa. Na waliokokaje? Kaka alipiga lile debe tupu kwa fimbo, pa! pa! pa!, fisi akakimbia. Debe lilikuwapo tangu jiwe la 2. Huo ndio mwisho mzuri: msaada unatoka ndani ya hadithi yenyewe. Msimruhusu mtoto kumaliza kwa "nikaamka, kumbe ilikuwa ndoto." Msikilizaji anajiona ametapeliwa.

MZAZI AFANYE NINI?

1. Uliza, usimwandikie. Maswali matatu yanatosha: "Halafu?" "Ulisikia nini?" "Nini kingeweza kuharibika zaidi?"

2. Mfundishe kuchelewesha. Mlango usifunguke mara moja. Kwanza hatua nje, kisha mbwa ananyamaza, kisha kitasa kinatikisika.

3. Mwambie wakati wa hatari sentensi ziwe fupi. Mtu anayekimbia hasemi maneno mengi.

4. Makosa ya tahajia yangoje. Ukianza na kalamu nyekundu, hadithi inakufa kabla haijazaliwa.

5. Usiwatishe wadogo hadi washindwe kulala. Si lazima damu imwagike. Mbuzi aliyepotea jioni anatosha, na mwishowe apatikane.

6. Sikiliza kwa makini. Kama hadithi za mtoto zinarudia hofu ileile ya mtu fulani au nyumba fulani, mwite faraghani, umwulize polepole. Pengine si hadithi. Hapa Kenya simu ya kuwasaidia watoto ni 116, na haina malipo.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini kuandika hakukuisha nao. Mtaala wa umilisi unamtaka mzazi ashiriki katika masomo ya mtoto, na wengi wetu tunaona aibu kwa sababu hatukusoma sana. Somo hili linatuonyesha kwamba hata nyanya asiyejua kusoma anaweza kuwa mwalimu. Tena mtoto anayezoea kuuliza "nataka nini, nini kitanizuia, nitatokaje," anajifunza kupanga maisha. Hata mradi wa kikundi hupangwa hivyo hivyo.

Insha ya pili ya mtoto yule ilikuwa na makosa kumi na manne ya tahajia. Lakini mwalimu alimwomba aisome mbele ya darasa. Siku hizi anamsumbua mama yake kwa kuomba karatasi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nani kijijini kwetu anayesimulia hadithi vizuri? Hunyamaza wapi?
2. Watoto wetu huogopa kuandika kwa sababu gani? Sisi tumechangia vipi?
3. Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja apange mawe matano na mtoto mmoja. Tutasikiliza hadithi hizo kabla ya kuhesabu michango.