Fyuzi zinaungua kila mvua ikinyesha

*Land Cruiser yetu imeongezwa taa na winchi. Njia ya Masisi ikilowa, fyuzi zinaungua. Tung'oe nyaya zote? — Dereva, Walikale*

Hapana, ndugu. Nyaya za kiwandani ziache. Shaka yangu ni hizo za nyongeza, zilizodandia nyingine kwa selotepu, maji ya matope yakipenya kwenye maungio. Ziondoe. Vuta waya mmoja mnene kutoka betri, wenye fyuzi yake hapo hapo, hadi kisanduku kimoja kikavu cha fyuzi. Kila jozi ya taa ipate fyuzi na relei yake. Winchi ibaki na nyaya zake nene peke yake. Wapo watakaokwambia fyuzi kubwa inatosha. Lakini fyuzi hulinda waya, si taa: taa mbili za wati 55 kwa volti 12 huvuta ampea 9 hivi, kwa hiyo 15 yatosha, ukiweka 30, waya mwembamba utaungua kwanza. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, zima gari, fungua betri upande wa hasi, umwite fundi umeme.