Kabla ya kuamini gesi ya sayari ya mbali, uliza ziwa Kivu

Aprili 2025 redio zilitangaza kwamba huenda dalili ya uhai imeonekana kwenye sayari K2-18b. Kasha, komini ya Bagira mjini Bukavu, kando ya ziwa Kivu, ni mahali ambapo habari kama hiyo haipiti bila mabishano. Haya ndiyo maswali, na majibu ya mwalimu wa kemia.

Mwalimu, hakuna aliyefika huko. Wamejuaje kuna gesi gani?

Kwa mwanga. Sayari ikipita mbele ya jua lake, mwanga kidogo hupenya hewa yake, na kila gesi hunyonya rangi zake. Darubini ya James Webb hupima rangi zilizopungua. K2-18b iko umbali wa miaka ya mwanga 124, na mwaka 2023 metani na dioksidi ya kaboni zilionekana huko vizuri. Ubishi ni juu ya dimethili salfaidi, gesi ambayo hapa duniani hutokana hasa na viumbe vidogo vya baharini.

Basi uhai upo?

Hatujafika huko. Nikku Madhusudhan wa Cambridge na wenzake walisema wenyewe kwamba uhakika wao ni sigma 3, na desturi ya kutangaza ugunduzi ni 5. Wengine wamechambua vipimo hivyohivyo wasiione. Isitoshe, gesi hiyo imekutwa kwenye nyota yenye mkia iitwayo 67P, donge la barafu na vumbi ambalo hakuna anayedai lina kiumbe. Kwangu hilo ndilo zito: hata ikithibitishwa kuwa ipo, bado haijasema imetoka wapi.

Lakini metani si hutoka kwa viumbe? Hii ya Kivu je?

Hapo umegusa penyewe. Kivu ina metani yapata kilomita za ujazo 60, na dioksidi ya kaboni mara tano ya hiyo, nyingi ikiwa imeyeyuka majini chini ya mita 260. Wanaoivuna hushusha bomba na kuyavuta maji kwa pampu mwanzoni tu. Yakipanda, shinikizo hupungua, mapovu hufumka, na kuanzia hapo maji hujipandisha yenyewe.

Metani hiyo imetoka wapi? Ukitazama Nyiragongo utasema volkeno. Ukitazama kina kisicho na oksijeni utasema vijidudu. Mwaka 1973 watafiti wa Woods Hole, Marekani, walichapisha vipimo vya kaboni yenyewe. Vijidudu hupendelea kaboni nyepesi, na metani ya Kivu ina upungufu wa kaboni 13, iliyo nzito zaidi, yapata sehemu 60 kwa elfu chini ya kipimo cha kawaida. Huo ni mkono wa vijidudu. Ila kaboni 14, ambayo hupungua kwa umri, ilikuwa chache mno kwa kitu kilichooza juzijuzi: kaboni nyingi ni kongwe, imepanda kutoka chini ya ardhi. Volkeno hutoa dioksidi ya kaboni, vijidudu huigeuza metani. Mwaka 1988 wengine wakakadiria kuwa theluthi hivi ya metani inatokana na mabaki ya viumbe.

Hata kiasi chake kilibishaniwa. Utafiti wa 2005 ulisema metani inaongezeka, ule wa 2020 haukuona ongezeko. Na hili ni ziwa tunaloweza kuchota maji yake kwa chupa!

Gesi ikiwa ileile, mtu atofautishe vipi?

Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na soda zote zina dioksidi ya kaboni. Ukipima mapovu peke yake hutajua ipi imechachuka na ipi imejazwa gesi kiwandani. Itabidi utafute pombe, sukari iliyopungua, na hamira iliyotuama chini. Kwa sayari ni hivyohivyo: jua lake likoje, kuna maji, kuna volkeno, kuna gesi gani nyingine? Titani, mwezi wa Zohali, umejaa metani na hatuna sababu ya kusema viumbe ndio walioitengeneza.

Nini basi kingekushawishi?

Oksijeni na metani pamoja, kwa wingi. Hizo hulana, kwa hiyo zikidumu pamoja kuna kitu kinachozijaza kila siku. Desemba 1990 chombo Galileo kilipita karibu na Dunia, na Carl Sagan na wenzake wakaisoma kama sayari ya kigeni: waliiona jozi hiyo. Oksijeni pekee hapana, maana mwanga mkali wa nyota unaweza kuvunja maji na kuiacha.

Na Mirihi, iliyo karibu?

Metani yake ni kero. Mwaka 2019 gari Curiosity lilipima sehemu 21 kwa bilioni, huku chombo cha Ulaya kinachoizunguka sayari hakioni kitu. Mimi naona matumaini zaidi kwenye jiwe lililotobolewa Julai 2024 na gari Perseverance. Lina madoa yenye madini ya chuma, fosfeti na salfaidi, ambayo hapa kwetu mara nyingi hutokea topeni kwa kazi ya bakteria. Mchakato usio na uhai pia haujaondolewa. Sampuli imefungwa bombani, bado iko Mirihi, na mpaka ipimwe maabara kama maji ya Kivu yalivyopimwa, jibu langu si ndiyo wala hapana.