Kufundisha Muundo wa Seli: Tuanze na Kitunguu, Si na Yai

Si jambo geni, wakati wa mazoezi ya kufundisha, kumwona mwanachuo akiingia darasani na yai na sahani kwa ajili ya somo la seli. Huvunja yai, akaonyesha ute na umanjano, kisha akasema: "Hii ndiyo seli. Ute ni saitoplazimu, na hiki cha katikati ni kiini." Watoto hufurahi, kwani yai ni kitu cha nyumbani, na kiini cha yai wanakijua tangu utotoni. Somo huonekana limefaulu. Sisi tunaona kwamba somo hilo limepanda kosa ambalo mwalimu wa baadaye atapata taabu kuling'oa.

Neno lenye mtego

Lugha yetu hulitumia neno kiini kwa mambo mengi: kiini cha yai, kiini cha mbegu, hata kiini cha habari. Katika elimu ya viumbe, kiini cha seli ni ile sehemu yenye chembe za urithi, ambayo huongoza kazi za seli. Kiini cha yai la kuku si kitu hicho. Umanjano wote ni seli moja kubwa mno iliyojaa akiba ya chakula. Ute umo nje ya seli hiyo. Uliongezwa yai lilipokuwa likipita katika mrija wa uzazi wa kuku. Tukiutazama umanjano kwa makini, tutaona juu yake kidoa cheupe chenye upana wa milimita chache: humo ndimo mlimo na urithi. Na ikiwa yai limerutubishwa, kidoa hicho huwa kimekwisha kuwa maelfu ya seli kabla yai halijatagwa.

Kuona kwanza, jina baadaye

Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza alieleza alivyokata kipande chembamba cha gome la mti, akakitazama kwa hadubini na kuona vijumba vingi vitupu. Akaviita kwa jina la Kiingereza lenye maana ya vyumba vidogo, na kwa jina hilo sisi tumepata neno seli. Alichokiona ni kuta za seli zilizokufa. Kiini kilipewa jina na Robert Brown mwaka 1831, alipochunguza mimea ya jamii ya okidi. Ikiwa wataalamu walitangulia kuona ndipo wakataja, haifai mtoto alazimishwe kutaja kabla ya kuona.

Kwa hiyo tunashauri somo lianze na kitunguu, kwa hatua hizi:

1. Kata kitunguu, chukua gamba moja nene, kisha bandua ngozi nyembamba iliyo upande wake wa ndani.

2. Itandaze bila mikunjo katika tone la maji juu ya kipande cha kioo. Ongeza tone la iodini iliyozimuliwa.

3. Funika kwa kioo chembamba, ukikiteremsha polepole kutoka upande mmoja ili mapovu ya hewa yasibaki.

4. Tazama kwa lenzi ya nguvu ndogo kwanza.

Seli ya kitunguu huweza kuwa na urefu wa karibu robo ya milimita. Hadubini ikikuza mara 100, itaonekana kama yenye sentimita 2 na nusu. Mwalimu aulize: "Mnaona nini? Kinafanana na nini?" Huenda watoto wakasema wanaona ukuta wa matofali. Wachore walichokiona, ndipo majina yatolewe: ukuta wa seli, doa la kahawia lililo pembeni, ambalo ni kiini, saitoplazimu, na vakuoli, yaani nafasi kubwa iliyojaa majimaji. Utando wa seli hautaonekana, maana umegandamana na ukuta. Mwalimu aseme hivyo wazi, wala asimwamuru mtoto kuchora asichokiona.

Mtoto mwerevu atauliza, "Mbona hakuna kijani?" Swali hilo ni zawadi. Kitunguu hukua bila mwanga wa kutosha, na seli zake hazitengenezi chakula. Kloroplasti zimo katika seli za majani. Hapo mwalimu ataeleza pia kwamba seli za wanyama hazina kloroplasti wala ukuta, bali zina utando, saitoplazimu na kiini.

Pasipo na hadubini

Tengeneza mfano kwa kasha la kiberiti. Kasha ni ukuta, mfuko mwembamba wa plastiki ndani yake ni utando, uji mzito ni saitoplazimu, na punje ya hindi ni kiini. Mfano huu una faida moja kubwa: unaonyesha kuwa seli ina kina, si duara bapa la ubaoni. Mwishoni uliza: "Mfano huu unatudanganya wapi?" Mtoto akijibu kwamba kiberiti hakili, hakipumui wala hakijigawi, ameelewa. Tuepuke kutumia vifuko vya maji vya chungwa kama seli, kwani kila kifuko kimejengwa kwa seli nyingi.

Kutoka seli hadi kiumbe

Tuangalie pia usemi wetu. Tukisema "mwili una seli," mtoto hudhani seli zimetiwa mwilini kama maharage gunialani. Tuseme "mwili umejengwa kwa seli." Seli za namna moja hufanya tishu, tishu mbalimbali hufanya ogani, na ogani hushirikiana katika mfumo: seli za misuli, misuli ya moyo, moyo, mfumo wa damu, mtu. Amiba, kwa upande wake, ni seli moja tu, nayo hula, huenda na huzaliana.

Katika kupima, swali la "Taja sehemu za seli" halitoshi. Uliza: "Juma amerefuka sentimita 5. Je, seli zake zimevimba, au zimeongezeka?" Atakayejibu kwamba zimeongezeka kwa kujigawa, akaeleza sababu, ameacha kukariri.

Zoezi kwa wanachuo: Andaa andalio la somo la dakika 40 ambamo hakuna jina la sehemu yoyote ya seli litakalotajwa kabla watoto hawajachora.