Dondoo muhimu: Gimbi la kwenye ndoo lihamishwe lini?

Kwa Majengo na Mpanda yote, wakati wake ni mwisho wa Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba, mvua zikinukia. Juni na Julai liache. Baridi ya usiku hulilaza, na gimbi lililolala likikatwa mizizi huoza upesi. Litakuonyesha lenyewe kwamba limebanwa: mizizi inachungulia matundu ya chini, ndoo imetuna, maji yanapita bila kulowesha udongo.

Usimwagilie siku mbili tatu kabla. Laza ndoo ubavu, igonge pande zote, kisha toa bonge zima. Kuvuta majani ni kulivunja shingo. Vaa glavu, maana utomvu wake unawasha vibaya, na watoto wakae mbali. Palipooza kata kwa kisu safi, paka jivu, acha kidonda kikauke kivulini. Vitoto vya pembeni vipande peke yake.

Chombo kipya kizidi cha zamani kwa vidole vitatu kila upande, basi. Wengi hukimbilia pipa, kumbe udongo mwingi usio na mizizi hushika maji na kuozesha kiazi. Changanya udongo wa juu sehemu 2, samadi iliyooza 1, mchanga wa mto 1.

 

Ukishapanda, mwagilia mara moja, weka kivulini, na samadi nyingine usiongeze kabla jani jipya halijafunguka.