Dawa na vidonge vya damu: usivimeze kwa pamoja



Ndugu msomaji, juma hili tuzungumzie kosa dogo linaloharibu tiba majumbani. Mama ana maradhi ya njia ya mkojo, ameandikiwa siprofloksasini. Anatumia pia vidonge vya kuongeza damu, na kiungulia kikimshika anatafuna vidonge vya magnesi. Ili asisahau, anavimeza vyote kwa pamoja baada ya swala ya Isha. Dozi inakwisha, maumivu yapo palepale. Majirani watasema dawa ilikuwa feki. Huenda ilikuwa nzima, ila haikuingia mwilini.

Siprofloksasini, doksisaiklini na tetrasaiklini hushikana na madini: chuma, kalsiamu, magnesi, alumini na zinki. Zikikutana tumboni hufungamana, na utumbo hushindwa kuzifyonza. Sehemu kubwa ya dawa hutoka na choo. Vijidudu vilivyopata dawa pungufu huweza kubaki hai na kuwa sugu, na maradhi ya mkojo huweza kupanda hadi kwenye figo.

Basi zingatia haya:

1. Siprofloksasini imezwe angalau masaa 2 kabla ya vidonge vya damu, kalsiamu au vya kiungulia, au masaa 6 baada yake. Kwa dawa nyingine, uliza masaa yake.

2. Meza kwa maji. Maziwa na mtindi vina kalsiamu.

3. Mwambie tabibu kila unachotumia, hata ulichonunua dukani. Anayetumia dolutegravir, dawa ya kufubaza VVU, naye aulize, kwani nayo hushikana na madini.

4. Mjamzito asijinunulie dawa hizi, wala asiache vidonge vya damu bila kuambiwa.

Ramadhani nafasi ni finyu zaidi. Anayemeza siprofloksasini wakati wa futari na wa daku, vidonge vya damu itamlazimu avimeze usiku, angalau masaa 2 baada ya dozi ya futari na angalau masaa 6 kabla ya dozi ya daku. Amuulize tabibu kama vinaweza kusubiri mpaka dozi iishe. Na ambaye ugonjwa umemzidi, asisahau kuwa sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Mwili ni amana, ndugu yangu. Kabla ya kutoka dirisha la dawa, uliza: "Hii nimeze saa ngapi, na ile saa ngapi?"