Apalisi wa Taita: Ndege Asiyepatikana Kwingine Duniani

Mkaazi wa Wundanyi anayepita kando ya msitu wa Ngangao asubuhi huenda amesikia sauti ya ndege huyu mara nyingi bila kumjua. Ni mdogo, mwembamba, mwenye mkia mrefu, mgongo wa kijivu, koo jeusi na tumbo jeupe. Wataalamu humwita apalisi wa Taita, na makao yake ni milima hii yetu pekee.

Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) limemweka katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Baada ya daraja hilo, linalofuata ni kutoweka porini. Waliosalia hawafiki elfu moja, nao wamegawanyika katika vipande vya msitu kama Ngangao na Vuria, huku mashamba na makaazi yakiwa katikati.

Wapo wanaouliza: mbona milima bado ni kijani? Ni kweli, ukitazama kutoka barabara ya Mwatate, kijani ni kijani. Lakini sehemu kubwa ya kijani hicho ni mikaratusi na misonobari iliyopandwa. Kati ya 1955 na 2004, takriban nusu ya msitu wa kiasili uliokuwapo ilipotea. Apalisi hutafuta wadudu katika vichaka vizito vya chini ya miti ya kiasili, na vichaka hivyo ni haba chini ya mikaratusi. Kwa hiyo hata msitu ambao haujakatwa mti mmoja unaweza kumshinda, iwapo mifugo inalishwa ndani na vichaka vinafyekwa kwa ajili ya kuni.

Wazee wa Kidawida walikuwa na fighi, misitu mitakatifu ambayo haikuguswa ovyo, na katika baadhi yake miti mikubwa ingalipo. Siku hizi, Sheria ya Misitu ya 2016 inawaruhusu wakaazi kushiriki katika usimamizi wa misitu kupitia vyama vya jamii vya misitu.

Mwenye shamba linalopakana na msitu anaweza kuanzia mpakani. Mikaratusi ikishavunwa, apande miti ya kiasili mahali pake, kisha aache vichaka vya chini vikue bila kufyekwa. Kuni zitoke kwenye miti aliyopanda karibu na nyumba.