Kwa nini makala ndefu hutushinda?

Mtaalamu wa usomaji anawajibu wasomaji wa Lubumbashi

Mwalimu, nikisoma aya tatu tu akili inatoka. Ni uvivu?

Hapana. Jicho hurukaruka kwenye mstari, likitua takribani robo sekunde kila mara, na hata msomaji hodari hurudi nyuma. Maneno yakiwa mageni, jicho hukawia, na mwanzo wa sentensi husahaulika kabla hujafika mwisho. Anayechoka upesi mara nyingi ndiye anayefanya kazi kubwa zaidi.

Mbona hata watoto waliosoma shule wanachoka?

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Katiba ya Kongo ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Mtoto wa mitaa yetu ya Katuba au Kamalondo huzungumza Kiswahili nyumbani na sokoni, lakini daftari lake limejaa Kifaransa. Anatamka herufi vizuri, maana haiji. Akipewa kitabu cha Kiswahili, anakuta Kiswahili sanifu, ambacho si kile cha mama yake. Kumlaumu mtoto huyo ni kumwonea.

Wazee wetu walisomaje basi?

Walisoma, tena waliandika. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu, Vocabulaire de ville de Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi), kwa Kiswahili cha hapahapa, kwa niaba ya watumishi wa majumbani. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha 1990 akisaidiwa na Kalundi Mango. Maneno yalikuwa yameunganishwa na kukatwa kwa namna nyingi, kwa hiyo ilibidi Mango aisome kwa sauti ndipo maana ikae wazi. Maandishi yale yaliandikwa kwa ajili ya sikio, nami nayaheshimu sana.

Na kusoma kwenye simu kunachangia?

Ndiyo. Uchambuzi wa 2018 uliokusanya tafiti 54 ulionyesha kwamba watu huelewa vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa muda ukibana.

Nianzie wapi?

Aya ikikushinda, isome kwa sauti, kisha mweleze mtu wa nyumbani kwa Kiswahili chako ilichosema. Ukikwama kueleza, rudi pale ulipokwama. Nanyi walimu wenzangu, nawaomba: wasomeeni wanafunzi hadithi nzima ya Kiswahili kila juma, kabla ya kuwadai insha ya Kifaransa.